Kabla hujakaa kwenye kiti cha ofisi

Majengo, Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleykum. Sisi huku wazima, ila bibi yako goti linamsumbua tangu mvua zianze.

Uliponipigia kuniambia umepangiwa mafunzo ya kazi huku nyumbani, ofisi ya watoto pale Tononoka, nilifurahi. Usiku usingizi ukaniruka. Nimeamka saa tisa kukanda unga wa mahamri na mawazo yakawa yale yale, basi nayaandika.

Unakumbuka ami yako alivyosema ulipochagua ustawi wa jamii? Eti miaka minne chuoni kusomea kuwahurumia watu. Sikumjibu. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa na aibu ndani yake, na wewe sijakuhadithia mpaka leo.

Ulikuwa darasa la tatu. Marehemu baba yako alilazwa wiki sita. Daktari alikwisha kumruhusu, lakini bili haikulipwa, kwa hivyo hakutoka, na kila usiku aliolala pale ulizidisha deni. Nikaambiwa niende kwa wale wa ustawi wa jamii hapo hapo hospitali niombe kupunguziwa. Dada niliyemkuta aliniuliza kwa sauti, mlango wazi, watu wamejaa kwenye benchi nje: mnakula mara ngapi kwa siku? Nyumbani kuna televisheni? Na hiyo pete? Nikaivua pete pale pale mbele yake. Kisha nikaondoka, wala fomu sikuimaliza.

Siku ya tatu nilirudi kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Nikamkuta mama mwengine. Huyu alifunga mlango, akatoa kiti chake nyuma ya meza, akaja kukaa ubavuni kwangu. Swali lake la kwanza: "Watoto umewaacha na nani?" Baadaye aliniuliza yale yale ya mwenzake, maana fomu ilikuwa ile ile. Lakini huyu nilimwambia kweli yote, hata deni la dukani ambalo baba yako mwenyewe hakulijua. Alikuja mpaka nyumbani kutazama hali. Jirani alipomuuliza yeye ni nani, alijibu amekuja kunijulia hali. Bili ikapunguzwa, baba yako akatoka.

Yule wa kwanza sisemi alikuwa mbaya. Foleni yake ilikuwa ndefu, na huenda huruma alikuwa nayo. Alichokosa ni ufundi wa kuuliza, na huo ndio uliokwenda kuusomea. Mwambie ami yako hivyo, au nitamwambia mimi.

Madaftari yenu yanasema usiri. Sisi tuna neno letu la zamani, sitara. Msichana wa Kiswahili alikuwa na somo wake, yule mwanamke wa kumfunda, anamwambia yasiyosemeka kwa mamake, na somo anakwenda nayo kaburini. Lakini somo unachaguliwa ukamzoea. Wewe, mtoto wa kesi hatakuchagua. Ataletwa kwako na askari au na mama wa kambo, na utakayoandika yatasomwa na hakimu. Uzito huo ndio ulioniondolea usingizi.

Ulinieleza habari za Jane Addams, yule aliyefungua Hull House kule Chicago na rafiki yake mwaka 1889, akaja kupewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1931. Tuzo sikuishika sana. Nilishika kwamba alihamia mtaa ule ule wa wahamiaji maskini, akaishi nao. Wewe huna haja ya kuhamia, umezaliwa humu. Utajua mama akisema "tunapata kidogo" kwamba jiko halijawaka tangu jana. Utajua pia nyumba yenye mtoto mlemavu asiyetolewa nje wageni wakija. Hiyo ni mali, lakini pia ni mtego, kwa sababu utadhani unamjua mtu kabla hajafungua mdomo. Muulize tu, hata kama unamjua.

Na sheria uishike vizuri. Ulisema Sheria ya Watoto ya 2022 inamtoa hatiani mtoto aliye chini ya miaka 12. Basi umri wa kijana aliyeletwa kwa wizi wa simu usikadirie kwa kimo. Njaa hufupisha watoto, na wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Tafuta kadi ya kliniki, muulize nyanya yake.

Jambo la mwisho. Kutoka Tononoka mpaka hapa ni mwendo wa miguu, na majina utakayoyakuta kwenye mafaili mengine tunayajua. Utarudi jioni umebadilika uso, nami nitakuuliza kuna nini, mtoto wa nani. Nitauliza kwa mapenzi, na huenda nikashikilia. Usiniambie. Niambie umechoka, nitakupakulia mbaazi, ule, ulale.

Ada nimelipa nusu. Iliyobaki ni mwisho wa mwezi, zamu yangu ya chama ikifika. Njoo na viatu vya kufunika, vichochoro vyote vimejaa maji.

Mamako