Barua ya wazi kwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki: tunataka ahadi ya maandishi kuhusu hijabu kabla ya 2030

Mheshimiwa Kirsty Coventry,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia nikiwa mzazi, Mzanzibari niishiye Ufaransa, ambaye subira imemwishia. Jumamosi iliyopita mwamuzi alimtaka binti yangu avue hijabu au atoke uwanjani, naye akatoka. Rafiki yake, binti Mkristo ambaye wazazi wake wametoka Bukavu, na ambaye msimu uliopita alipigiwa milio ya nyani na watazamaji hadi binti yangu akakesha naye akimbembeleza, alivua jezi na kwenda kuketi kando yake. Viongozi wa timu, watu wazima wote, hawakusema neno.

Mkataba wa Olimpiki unakataza ubaguzi wa rangi na wa dini katika sentensi moja. Hata hivyo, mwaka 2024 jijini Paris, wanamichezo wa Ufaransa walikatazwa hijabu na serikali yao, na Sounkamba Sylla, mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti, ilibidi avae kofia katika sherehe za ufunguzi, ilhali Sifan Hassan wa Uholanzi alivishwa dhahabu ya marathoni akiwa na hijabu yake katika mji huohuo. Vipi kilicho halali kwa mgeni kiwe haramu kwa mwenyeji? Tunaambiwa ni kutenganisha dini na dola. Mimi naamini ni wanasiasa wanaotafuta kura kwa migongo ya mabinti zetu.

Kimya cha viongozi si kipya. Katika Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936, wakati wa utawala wa Hitler, wakimbiaji wawili Wayahudi, Marty Glickman na Sam Stoller, waliondolewa katika kikosi cha Marekani cha kupokezana vijiti, na Glickman alisimulia baadaye kwamba aliyewatetea mbele ya makocha ni Jesse Owens, mkimbiaji mwenzao, mtu mweusi aliyebaguliwa kwao Marekani, naye akaambiwa atii amri.

Mheshimiwa, wewe ni Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, na uliiogelea Zimbabwe hadi dhahabu, kwa hiyo wajua miaka ya mchezaji ilivyo michache. Michezo ya majira ya baridi ya 2030 imepewa Ufaransa, katika milima ya Alps. Naomba usitujibu kwamba sheria za nchi ni za nchi, maana masharti ya uenyeji huwekwa na Kamati yako. Ombi langu ni moja: itake serikali ya Ufaransa iahidi kwa maandishi kwamba mchezaji wake yeyote, kuanzia timu ya taifa hadi klabu za watoto, atacheza na hijabu yake akipenda. Kwa maandishi, Mheshimiwa, na mwaka huu.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mchezaji, Ufaransa