Barua kwa shangazi: Jacoba na binamu zake

Leiden, Uholanzi

Kwa shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Salamu nyingi zikufikie huko Tanga, wewe na wote waliomo nyumbani. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inayonionea. Wasiwasi ni juu yenu. Pesa za dawa nimeshatuma.

Uliniuliza kwenye simu kama Wazungu nao huoana binamu, kwa sababu ya hiyo posa inayowagawa huko. Siku hizi ni nadra. Zamani wakubwa wao walioana hivyo hadi ukifuata nasaba unapotea njia. Wewe ndiye hodari wa nasaba kwetu, basi nakuletea mmoja uhangaike naye.

Karibu na ninapofanyia kazi, upande wa Sassenheim, kuna gofu la ngome ya matofali, Teylingen, limezungukwa na handaki la maji. Humo alifia Jacoba van Beieren mwaka 1436, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 35. Alikuwa mtoto pekee wa ndoa wa Willem VI, mtawala wa Holland, Zeeland na Hainaut. Aliolewa mara nne, na hakuacha mtoto.

Sasa shika hapa, shangazi, maana ndipo penye fundo. Mwaka 1385, mjini Cambrai, mtawala wa Burgundy, huko Ufaransa, alitaka kumwoza binti yake Margaretha kwa Willem. Baba yake Willem, Albrecht, akasema sawa, ila na binti yangu naye aolewe na mwanao Jan. Harusi zikawa mbili kwa siku moja, na mfalme wa Ufaransa akahudhuria. Margaretha alikuwa na miaka kumi tu! Willem na Margaretha wakamzaa Jacoba. Jan na yule binti wa Albrecht wakamzaa Filips. Kwa hiyo Filips, kwa Jacoba, ni mtoto wa mjomba na papo hapo ni mtoto wa shangazi. Huyo ndiye aliyekuja kumnyang'anya yote.

Mume wa kwanza alikuwa mtoto wa mfalme wa Ufaransa, waliochumbishwa wangali wadogo na kulelewa pamoja. Aprili 1417 akafa. Mwisho wa Mei baba naye akafa, inasemekana kwa jeraha la kung'atwa na mbwa. Binti wa miaka 15, mjane na yatima wa baba, ana nchi tatu mkononi. Baba mdogo wake, aliyekuwa askofu mteule wa Liège, akaja juu kudai urithi.

Hapo mama yake, Margaretha, pamoja na mjomba Jan, wakamtafutia mume wa pili: Jan wa Brabant, binamu mwingine, mtoto wa kaka mwingine wa Margaretha. Ruhusa ya Papa ilihitajika, maana kwao binamu ilikuwa haramu mpaka Papa afungue. Bwana harusi alikuwa na miaka 14. Akatokea kuwa mtu dhaifu kupindukia: akawafukuza wanawake wa mkewe, na mwaka 1420 akaziweka Holland na Zeeland rehani kwa yule yule baba mdogo! Jacoba akabeba roho yake akarudi kwa mama. Mimi ningetoka mapema zaidi.

Alikimbilia Uingereza, akaolewa na Humphrey, mdogo wa mfalme Henry V, kabla ndoa yake na Jan wa Brabant haijavunjwa na Roma. Humphrey alikuja naye Hainaut na jeshi, mambo yalipokuwa mazito akarudi kwao, akamchukua Eleanor Cobham, mmoja wa wanawake wa msafara wa Jacoba. Mwaka 1428 wanawake wa London waliingia Bungeni na barua za kumsuta kwa kumtelekeza mkewe. Hao ungewapenda.

Humphrey alipoondoka, Filips akamfungia Jacoba mjini Ghent. Akatoroka kwa kuvaa nguo za kiume. Akapigana miaka mitatu. Na mama yake, shangazi yao wote hawa, alisimama na binti dhidi ya watoto wa kaka zake. Lakini Julai 1428, mjini Delft, Jacoba alisaini: Filips atawale na awe mrithi, naye asiolewe bila idhini ya Filips, ya mama yake na ya nchi zake tatu. Mwaka 1433 akamwachia zote. Mwaka uliofuata aliolewa hadharani na Frank van Borssele, mkubwa wa Zeeland, na hata hapo binamu Filips alikuwa na mkono katika shauri hilo.

Handaki la Teylingen limetoa magudulia membamba marefu ya udongo, chini yamefinywafinywa kwa vidole kama ukingo wa sambusa. Watu hapa wanayaita kwa jina la Jacoba na kusema alikuwa akiyatupa humo akimaliza kunywa. Uzushi mtupu, yalifinyangwa Ujerumani.

Kuhusu posa, sisemi mkatae, kijana namjua na ni mtu wa heshima. Ila kabla ya kupokea barua, shamba la babu la mikorosho ligawanywe kwanza, na fungu la binti liandikwe kwa jina lake, siyo la mjomba wala la mume mtarajiwa. Baba akikasirika, mwambie ni mimi niliyesema.

Nisalimie wote, na uniandikie mahari imefikia wapi.

Mwanao