Waanze na mikataba yenyewe

Mhariri,

Kijana akisema anataka kusoma siasa za dunia na uhusiano wa kimataifa katika shahada ya kwanza, swali analopigwa ni moja: utaajiriwa wapi? Mimi nina jingine la kuwauliza wanaomfundisha: mtamsomesha nini kwanza?

Nimepita huko. Muhula mzima tulikesha na nadharia, na mwaka 1648 wa Westphalia, mikataba ya amani ya Ulaya inayohesabiwa kuwa mwanzo wa mfumo wa dola huru, tuliukariri kama sala. Kuhusu kura ya turufu, yaani uwezo wa mjumbe mmoja wa kudumu wa Baraza la Usalama kuzuia azimio, tungeweza kubishana hadi jogoo awike. Siku moja mhadhiri akatugawia Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, akasema tumwonyeshe neno turufu. Halimo, wala halimo popote katika Mkataba mzima. Ibara inasema tu kwamba azimio lisilo la kiutaratibu linahitaji kura tisa za ndiyo, zikiwamo za wajumbe watano wa kudumu wanaoafiki. Je, mjumbe wa kudumu akikaa pembeni asipige kura, ameafiki? Ukisoma maneno yalivyo utasema hajaafiki. Lakini kwa mazoea ya Baraza la Usalama azimio hupita, na mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyakubali mazoea hayo katika maoni yake kuhusu Namibia. Mabishano yetu yote ya usiku yalikuwa hayajafika hapo.

Lugha nayo isiwe pambo. Azimio 242 la Baraza la Usalama la mwaka 1967 linaitaka Israeli iondoe majeshi katika maeneo iliyoyakalia. Yote au baadhi? Wanaoshika matini ya Kiingereza husema halikutaja yote, wanaoshika ya Kifaransa husema limeyataja, na ugomvi wote umesimama juu ya kijineno kimoja mbele ya nomino: Kiingereza kinasema "territories" bila "the", Kifaransa kinasema "des territoires". (Kiswahili hakina kijineno cha namna hiyo, kwa hiyo mtafsiri wetu hupita hapo bila hata kujikwaa.) Mwanafunzi wa lugha moja atausikia ugomvi huu kwa kusimuliwa tu.

Sisemi nadharia zitupwe. Zije mwanafunzi akishakuwa na kitu cha kuzipimia. Na mtihani wa mwaka wa kwanza usiwe wa kueleza uhalisia (nadharia kwamba dola huongozwa na nguvu na maslahi yake) ni nini: apewe azimio asilowahi kuliona, aeleze linamfunga nani, tangu lini, na ni neno gani ndani yake ambalo mabalozi wataligombania.

Mhitimu wa fani hiyo