Kwa mpwa wangu anayeanza kuunda vifaru vya kivita vidogo vya plastiki

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepokea picha ya boksi ulilonunua, nami nimefurahi kuliko nilivyoweza kukueleza kwa simu. Miaka yote hii umekuwa ukiunda ndege, na mkono wako umekwisha kuzoea kukata vipande kwenye fremu, kuvipiga msasa na kuviunganisha bila kuacha alama ya gundi, kwa hiyo katika kuunda sina mengi ya kukufundisha. Ninalotaka kukuandikia, tena hadharani kwa kuwa wapo wengine wanaoanza kama wewe, ni uchakavu, yaani ile kazi ya kukifanya kifaru kionekane kimetembea, kimenyeshewa na kimepandwa na watu. Ndege hurudi uwanjani ikafutwa na mafundi, lakini kifaru hulala popote kilipofikiwa na usiku.

Umechagua vyema kuchukua Type 59, ambayo China iliitengeneza kwa kufuata kifaru cha Kisovieti T-54A na ambayo jeshi letu la Tanzania liliitumia katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maana njia iliyopitwa tunaijua: udongo mwekundu wa Kagera, kisha Mutukula, Masaka, na ile barabara ya Kampala inayokatiza kinamasi cha Lukaya, ambako palipiganwa Machi 1979 wakati wa mvua. Kabla hujafungua kopo lolote la rangi, amua kifaru chako kiko wapi katika njia hiyo na hali ya hewa ikoje. Kama ni siku kavu karibu na Mutukula, vumbi jekundu litakuwa limetanda kila mahali, hata juu ya kichwa chenye mzinga. Kama ni Lukaya, kifaru hakikuweza kuiacha barabara kikaingia kinamasini, basi tope litaishia kwenye magurudumu, chini ya madigadi na kwenye tumbo la bodi, na huko juu mvua itakuwa imeosha vumbi na kuacha michirizi. Kupaka tope zito mpaka kwenye mdomo wa mzinga ni kosa linaloharibu kazi nyingi nzuri.

Jambo la pili ni kipimo. Kile cha 1:35 kilianza na modeli ya kifaru cha Kijerumani, Panther, ya kampuni ya Tamiya ya Japani mwaka 1961, iliyopimwa ili betri na mota vienee ndani, na tangu hapo waundaji wa vifaru wamekishikilia. Maana yake ni kwamba milimita moja mezani kwako ni sentimita tatu na nusu za chuma. Mkwaruzo wa milimita mbili, ambao jicho linauona mdogo, kwa hakika ni jeraha la sentimita saba. Kwa hiyo tumia kipande cha sponji, kichovye kwenye rangi ya kahawia iliyokoza, kikaushe kwanza kwenye karatasi mpaka kikaribie kutoacha alama, ndipo ukiguse kwenye kingo za mifuniko, kwenye masanduku ya vifaa na pale wanajeshi wanapokanyaga wakipanda. Kutu ya rangi ya chungwa iweke kwenye ekzosi na kwenye minyororo tu.

Kuhusu mpangilio wa rangi, tafadhali uwe mvumilivu kuliko nilivyokuwa mimi. Rangi ya msingi iwe akriliki, yaani ile inayochanganywa na maji, iache ikauke siku nzima, kisha pulizia vanishi ya kung'aa, na juu yake ndipo upitishe enameli, yaani rangi ya mafuta, iliyozimuliwa sana kwa thina ili itulie kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya boliti. Thina ya enameli haiyeyushi akriliki iliyokauka vizuri, nawe utaweza kufuta ziada kwa pamba ya masikio. Kifaru changu cha kwanza nilikipaka enameli ndani ya bodi ambayo haikuwa na rangi kabisa. Thina ikapenya kwenye maungio, na kesho yake vishikio viwili vya magurudumu vilikuwa vimekatika. Nilihuzunika sana, kwa kuwa nilikuwa nimekifanyia kazi miezi miwili.

Type 59 ina pande mbili zisizofanana, na hapo ndipo penye utamu wa kazi. Ekzosi inatokea kwenye madigadi ya kushoto, kwa hiyo masizi yawe upande huo, na matangi ya nje ya mafuta yako kulia, kwa hiyo dizeli iliyomwagika wakati wa kujaza, nyeusi na yenye kung'aa kidogo, iwe huko.

Kwa vumbi mimi situmii unga wa dukani. Nina kopo la udongo kutoka Bukoba, ambao niliuoka, nikausaga na kuuchuja mara mbili kwa soksi ya nailoni, kwa kuwa punje ya nusu milimita tu ingekuwa kokoto ya karibu sentimita mbili. Huunyunyizia kwa brashi kavu kwenye pembe, halafu naugusa kwa tone la thina, nao unajishika wenyewe. Usiupulizie vanishi, maana utageuka kuwa kama rangi iliyokolea na vumbi litapotea.

Minyororo iwe ya mwisho. Kifaru hiki hakina vigurudumu vya juu vya kuibeba, kwa hiyo sehemu yake ya juu hulala juu ya magurudumu yenyewe na kulegea katikati yake, hasa kwenye pengo pana lililopo baina ya gurudumu la kwanza na la pili. Ile ya plastiki laini iliyomo ndani ya boksi hupenda kunyooka kama mkanda wa mashine. Ibandike kwa supa gluu juu ya kila gurudumu na uibane kwa vipande vya sponji mpaka ikauke. Kisha sugua risasi ya penseli pale inapokanyaga ardhi. Nitakuletea udongo nusu kopo Jumamosi, nawe usiibandike minyororo hiyo kabla sijafika.

Mjomba wako