Nyundo yako nimeiona

Tanga, Ngamiani
Jumapili usiku

Ndugu yangu Seif,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Bi mkubwa magoti yamemshika masika haya, lakini ulimi uko palepale. Jana kaniuliza tena kama huko Mwanza umehamia au umepotea. Nikamwambia umepotea.

Nina deni lako la miaka karibu 30, na leo nataka kulilipa. Unaikumbuka ile mashine ya gemu sebuleni kwa mjomba wako, Barabara ya 14? Kanda yake ya njano iliandikwa gemu 9,999, lakini ukizihesabu unakuta zilezile 20 zinazunguka kwa majina tofauti. Tulikuwa tunaipuliza mpaka mate yanaingia ndani. Mlemle kulikuwa na Mario wa ngazi na sokwe anayevingirisha mapipa, Mario wa mabomba ya maji na kaa, halafu Mario mwenyewe, huyu wa uyoga. Wewe ukashikilia kwamba ni mtu mmoja. Ukauliza, sasa kama ni mtu mmoja, nyundo yake kaiacha wapi? Kwa sokwe alikuwa nayo. Tukakucheka, mimi nikiwa wa kwanza, na jina la Seif Nyundo likakuganda mpaka darasa la saba.

Basi nyundo ipo, Seif. Nimeiona kwa macho yangu wiki hii.

Ilikuwa hivi. Ayubu wangu alitaka nimwonyeshe gemu nililokuwa nacheza nikiwa na umri wake. Nikatafuta programu ya kwenye laptopu inayojifanya mashine ya zamani, na katika kupekua nikakutana na kitu kinaitwa Super Mario Bros. Special. Nikadhani ni uhuni wa wale waliotengeneza kanda yetu ya 9,999. Kumbe sivyo, ni ya halali kabisa. Nintendo, kampuni ya Kijapani yenye Mario, walitoa Super Mario Bros., yule wa uyoga, Septemba 1985 kwa mashine yao ya Famicom. Mwaka uliofuata wakawaruhusu jamaa wa Hudson Soft watoe ya kwao kwa kompyuta za Kijapani, NEC PC-8801 na Sharp X1. Si nakala ya ile tunayoijua. Dunia ni nane na steji nne kila moja, kama kawaida, lakini wamezipanga upya wao wenyewe.

Hao Hudson wana historia ya kuchekesha. Ni ndugu wawili wa ukoo wa Kudo, kutoka Sapporo, huko kaskazini kwenye theluji. Mwaka 1973 walifungua duka la vifaa vya redio za mawasiliano, na jina la Hudson walilitoa kwenye aina ya gari moshi, maana walikuwa wagonjwa wa treni. Kutoka redio wakaingia kwenye kompyuta, na 1984 wakawa kampuni ya kwanza ya nje kutengeneza gemu za Famicom. Mwaka huohuo walishawahi kumtoa Mario kwenye kompyuta mara mbili, yule wa mabomba na kaa. Kwa hiyo walipopewa huyu wa uyoga, hawakuwa wageni.

Sasa sikia. Ndani yake wamemwaga kila kitu ulichokuwa unakidai. Mapipa yamo, yanakujia katikati ya steji kana kwamba yule sokwe kajificha mahali. Vimoto vyake vimo. Kaa na nzi wa kwenye mabomba wamo. Na nyundo imo, ya kupasulia mapipa. Kuna bawa, ukiliokota unaelea hewani kama unaogelea. Kuna saa ya kukuongezea muda. Halafu kuna nyuki, ambaye ndiye alama ya Hudson wenyewe, ukimpata unapewa pointi 8,000. Nilijiuliza kwa nini 8,000 na si 10,000. Kumbe kwa Kijapani nyuki ni hachi, na nane nayo ni hachi. Nilicheka peke yangu usiku wa manane mpaka mama Ayubu akaniuliza nazungumza na nani.

Ukiishia hapa utaniambia nikutumie sasa hivi. Subiri kwanza.

Gemu lenyewe haliendi. Namaanisha ile picha. Unajua kwa Mario wetu ukikimbia kulia dunia nayo inakuja, pole pole au mbio, kama mtu anakukunjulia mkeka mbele huku mwingine anaukunja nyuma. Hapa mkeka haukunjuki. Unakimbia mpaka ukingo wa skrini, picha inafutika, kisha inachorwa nyingine, na wewe uko upande wa kushoto unaanza upya. Ukingo mwingine, vivyo hivyo. Steji nzima imekatwa vipande kama kitambaa cha fundi.

Ubaya wake huuoni mpaka ufe. Mimi mara ya kwanza nilifika ukingoni nikiwa mbio, nikaruka, maana mkono umezoea. Skrini ikafutika nikiwa hewani. Picha ilipokuja, chini yangu hapakuwa na ardhi. Nikatumbukia. Nikarudi, nikaenda kwa kunyata, nikavuka, nikakuta mnyama kasimama palepale ninapotokea, hata nafasi ya kupiga hatua sina. Nikafa tena. Muda nao kule juu unakimbia kuliko unavyotarajia, kwa hiyo hata huko kunyata una mpaka. Ayubu akatazama roho tatu zikiisha, akasema, "Baba, hili limeharibika," akarudi kwenye simu yake.

Halijaharibika. Nilikaa nikapiga hesabu kama fundi, na ndipo nikawaonea huruma. Famicom ina chipu ya picha peke yake, kazi yake hiyo tu. Mandhari inawekwa mapana ya skrini mbili, unabadilisha namba moja na picha yote inasogea, na kipande kipya kinachorwa pembeni mahali usipoona. PC-8801 haina kitu hicho. Ilitengenezwa 1981 kwa kazi za ofisini na maandishi ya Kijapani, ndiyo maana picha yake ni kubwa, nukta 640 kwa 200, rangi nane. Hiyo ni baiti 48,000 kwa skrini moja. Prosesa yake ni ya megahezi 4, yaani mapigo milioni nne kwa sekunde, ukoo wa Z80 tuliowahi kuukuta kwenye vile vidude vya chuo, na kuhamisha baiti moja kwa amri yake ya kunakili ni mapigo 21. Zidisha. Kuisogeza skrini yote mara moja ni robo sekunde, na hapo hujamchora Mario wala adui yeyote. Mario wetu anasogea mara 60 kwa sekunde. Ni kumwambia mtu apake ukuta mzima rangi upya kila unapopiga hatua.

Ndiyo maana wakakata vipande. Na kwa X1 rangi zenyewe ni zile nane za kompyuta, nyekundu ya kuwaka, kijani ya kuwaka, zambarau, buluu. Kahawia haipo. Mtu anaambiwa atengeneze dunia ya matofali na udongo, na kahawia hana.

Kilichonikera ni kimoja tu, nacho si mashine. Walijua picha haisogei, kwa nini basi wakaweka mashimo pale kwenye mshono? Wangeacha kila ukingo ardhi tupu ya hatua mbili, gemu lingekuwa gumu lakini la haki. Hilo siwasamehei. Ninachokipenda kwa Mario, sasa ndiyo nimejua, ni kwamba anakuonyesha shimo kabla hujaliruka. Ukifa unajua ni wewe. Hapa ukifa unamtafuta mtu wa kumlaumu, kama sisi tulivyokuwa tunamlaumu aliyepita mbele ya televisheni.

Kuna jingine nilitaka nikusimulie hapohapo. Mwaka 1990, mji wa Shreveport huko Marekani, kijana anaitwa John Carmack alipata njia ya kusogeza picha kwenye kompyuta za kawaida za ofisini, kwa kuchora upya vile vigae, yaani vipande vidogo vya picha, vilivyobadilika tu na kuviacha vingine. Yeye na wenzake wakaitengeneza Super Mario Bros. 3 kwenye kompyuta, wakawapelekea Nintendo. Nintendo wakasema hapana. Vijana wakaugeuza ule ujuzi kuwa gemu lao wenyewe, Commander Keen, likatoka Desemba mwaka huohuo. Hudson walipewa ruhusa na mashine ikawakatalia, hawa mashine imewatii na ruhusa wamenyimwa. Mwalimu wetu wa hesabu angesema ndiyo riziki.

Hudson wenyewe hawapo tena, waliingizwa ndani ya kampuni nyingine ya gemu, Konami, 2012. Lakini kabla ya hapo ndio waliotengeneza Mario Party tangu 1998, ile watoto wa dada yako wanayogombania. Kwa hiyo hata Nintendo hawakuwawekea kinyongo.

Mimi bado naicheza. Kila usiku baada ya isha nusu saa. Nimeanza kukariri vipande, hiki shimo, hiki pipa, hiki simama kwanza, kama tulivyokariri juzuu ya amma, bila kuona kinachofuata lakini ulimi unajua. Nyundo nimeipata mara moja, nikapasua pipa moja, nikavuka ukingo kwa furaha nikatumbukia.

Njoo Idi hii. Usilete kitu, leta mwili tu, na bi mkubwa atanyamaza. Laptopu nitaiunganisha kwenye televisheni, pedi za waya nimenunua mbili sokoni. Moja kitufe cha kurukia kimelegea tangu siku ya kwanza. Hiyo ni yako.

Wako,
Hemedi