Mama Neema, hebu fungua tovuti yako kwa simu

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu sana. Huku hatujambo, ni mvua tu na matope. Shosho amerudi kutoka Murang'a na ndizi, zako nimeziweka kando. Ya chama tutaongea tukionana, maana Baba Brayo... acha tu.

Kilichonifanya nikuandikie kilitokea Alhamisi na bado hakijanitoka kichwani. Nilikuwa kwenye matatu ya 58 na yule dada wa ofisini aliyeolewa Agosti. Anatafuta viti vya sebuleni, na pesa anazo. Nikamwambia asihangaike, rafiki yangu ana karakana Ngong Road. Akatoa simu papo hapo, akafungua tovuti yako. Mama Neema, maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi! Akayavuta kwa vidole viwili, sofa ikaonekana mguu mmoja. Akasukuma upande, bei ikapotea. Picha nazo zinashuka moja moja, kama zinabembelezwa. Namba yako umeiweka ndani ya picha, kwa hiyo ukiibonyeza haipigi. Tulipofika Muthurwa simu ilikuwa imesharudi kwenye mkoba. Jana akaniambia ameweka deposti kwingine.

Niliumia sana. Najua ulivyodunduliza hadi ukamlipa yule kijana aliyekutengenezea. Najua pia alikuonyesha kwenye kompyuta, ikapendeza kweli. Lakini ni mteja gani wako anayekaa mbele ya kompyuta kutafuta kitanda? Wako kwenye matatu, wako kwenye foleni, wengine wanatafuta usiku watoto wakishalala. Tangu M-Pesa ianze 2007 tumezoea kumalizia mambo mkononi.

Mpwa wangu ameiangalia leo. Anasema tovuti inafaa ijipange yenyewe kulingana na upana wa skrini: kwenye kompyuta picha tatu kando kando, kwenye simu moja chini ya nyingine. Ni tovuti ileile, huhitaji kujengewa mbili. Na picha ulizipakia jinsi zilivyotoka kwenye kamera, kila moja karibu MB 4, na ziko 20. Hiyo ni MB 80 za bando la mtu ambaye hata hajaamua kununua! Zinapunguzwa uzito na bado mbao inaonekana vizuri.

Kilichonishtua zaidi ni cha Google. Tangu Aprili 2015, mtu akitafuta kitu kwa simu, Google huzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwa simu. Na siku hizi inapokagua tovuti hutazama kwanza sura yake ya simu. Kwa hiyo mtu wa Rongai akitafuta sofa za Ngong Road anaweza kuonyeshwa jirani yako kabla yako, na kazi yako ni safi kuliko yake. Hapo ndipo ninapoumia. Yule dada angeziona zile sofa za kijani tu...

Najua utaniambia una WhatsApp. Lakini status hupotea baada ya saa 24, na haimfikii mtu asiye na namba yako. Yeye hakuwa nayo.

Nakuomba, kabla ya watu kuanza kununua vitu vya Krismasi, chukua simu yako mwenyewe, si ile ya Neema yenye kioo kikubwa, ujaribu kuagiza kitanda kama mtu asiyejua karakana iko wapi. Uone utafika wapi. Mpwa amekubali kuirekebisha, na malipo mtaelewana polepole.

Sasa niambie: yule kijana alikuachia nywila? Lile jina la tovuti, la .co.ke, limesajiliwa kwa jina lako ama lake? Linalipiwa tena lini? Bei zilizoko pale ni za sasa ama za mwaka jana? Jumamosi utakuwa karakana, ama tuje Jumapili baada ya misa? Na ndizi zako nizilete hiyo siku, ama nimpe Brayo akuletee kabla hazijaiva?

Wako,
Mama Kevo