Safari ya Schloss Johannisberg: thibitisheni kabla ya Jumatano

Habari za jioni, ndugu zangu wa Frankfurt na Mainz. Safari ya Jumamosi ya Schloss Johannisberg, ile kasri yenye mashamba ya mizabibu ya mvinyo, ipo palepale, ila saa imebadilika.

1. Tukutane kituo kikuu cha treni Frankfurt saa 3:00 asubuhi, si saa 4:00 tena. Tutashuka Geisenheim, kisha tupande kilima kwa miguu. Vaeni viatu vya kutembelea.
2. Mchango ni euro 25 kwa mtu mzima, umfikie mhazini Jumatano usiku. Watoto bure. Wasiokunywa pombe watapata juisi ya zabibu.
3. Kinamama wa Mainz, tunaomba zile sambusa zenu.

Kwa wanaokwenda mara ya kwanza: watawa Wabenedikto walianzisha monasteri hapo karibu mwaka 1100, na mwaka 1720 kilima kikapandwa Riesling, zabibu ya mvinyo mweupe. Utamu wa habari uko 1775. Ruhusa ya kuvuna ilitoka kwa askofu wa mji wa Fulda, mwenye shamba wakati huo, na mwaka huo mjumbe alichelewa wiki kadhaa. Zabibu zikaota ukungu, zikanywea mtini. Watawa wakazivuna hivyohivyo, na mvinyo ukatoka mtamu ajabu! Tangu hapo uvunaji wa kuchelewa ukashika mizizi Ujerumani. Sanamu ya mjumbe huyo juu ya farasi ipo uani, tutapiga picha ya pamoja hapo.

Tafadhali kila mmoja aandike hapa “NAJA” na idadi ya watu wake, ili ninunue tiketi za kikundi Alhamisi asubuhi. Asanteni sana.